Kamera Iliyoondolewa kwa Kufanya Kazi Vizuri

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa nne natakiwa kusaini karatasi ambayo nikiisaini sijui nitamtazamaje mume wangu, na nisipoisaini sijui tutakula nini, na tangu Jumanne ya wiki iliyopita chai naimimina nikaisahau mezani.

Mimi ni karani katika ofisi ya halmashauri inayosimamia kamera za mwendo barabarani. Chumba chetu kina meza nne na mapazia mazito ili jua lisipige kwenye kompyuta, na simu zetu tunaziacha kwenye kabati mlangoni, ndiyo sheria. Picha ya gari lililozidisha mwendo inakuja kwenye kioo ndani ya dakika chache, na mimi naangalia namba ya gari, naangalia mwendo, naangalia kama picha inaonekana vizuri, kisha nabonyeza kijani iende faini au nyekundu ifutwe, na ukibonyeza nyekundu lazima uandike sababu, kwa hiyo wengi wetu tumezoea kijani. Miaka saba nimefanya kazi hii na sikuwahi kuiona mbaya, kwa sababu tuliambiwa tunaokoa maisha na mimi niliamini, na bado naamini, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Moja ya kamera zetu ilikuwa kwenye kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya zahanati, pale ambapo zamani watu walikuwa wakigongwa mpaka wakazoea. Ilipofungwa, miezi ya kwanza ilituletea picha nyingi mpaka macho yanauma, halafu madereva wakajifunza, wakaanza kupunguza mwendo wenyewe, na mwaka wa pili ikawa inaleta picha tatu kwa siku, siku nyingine hakuna. Na kwa miaka yote miwili hakugongwa mtu pale hata mmoja. Mkuu wetu, ambaye sisi tunamwita Mzee wa Chati kwa sababu hawezi kuongea bila kuchora mistari ukutani, akaniita akaniambia kamera ya zahanati imelala, haileti kitu, na kule kwenye mteremko wa barabara kuu, ambako hakuna nyumba wala kivuko na kila mtu mguu unamponyoka, kamera hiyo hiyo italeta picha kama mvua. Akaniomba niandike taarifa kwa sababu mwandiko wangu wa kiofisi ni mzuri. Niliandika nusu ukurasa. Niliandika kwamba kituo cha zahanati hakina tija. Mshauri, nakumbuka nilivyolipenda hilo neno, nilikaa nikalitafuta, na alipolisoma kwenye kikao wakubwa wakatikisa vichwa mimi nikajisikia mtu. Kamera ikahamishiwa mteremkoni, picha zikafurika, na mwisho wa mwezi tukakatiwa keki ofisini.

Sasa nikueleze mama mkwe wangu, maana huyu si wale mama wakwe wa kwenye vichekesho. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na nilipojifungua kwa upasuaji aliniogesha kwa mikono yake wiki tatu, akawa anafua nguo zangu za damu usiku ili mume wangu asizione, mpaka leo hajawahi kumwambia mtu. Ana presha, na kila baada ya wiki nne anakwenda pale zahanati kuchukua dawa.

Jumanne hiyo ya wiki iliyopita nilikuwa kazini tangu asubuhi. Saa nne na dakika kumi ikaja picha kutoka mteremkoni, gari dogo la bluu, mwendo tisini na nne mahali pa hamsini. Nikaangalia namba nikaona ni gari letu. Mume wangu ndiye alikuwa kwenye usukani, mdomo wazi, na pembeni yake wifi yangu ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nakuambia ukweli mshauri, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba wanagombana, hawa ndugu kwa kugombana ni hodari, na la pili nikawaza leo jioni atanikoma, mume wa karani wa kamera anakimbia hivi si aibu yangu. Nikabonyeza kijani. Nilicheka kidogo hata, nikamwambia mwenzangu wa meza ya jirani tazama bwana mkubwa.

Saa saba nikafungua kabati nikachukua simu, nikakuta nimepigiwa mara kumi na saba.

Mama mkwe alikuwa amegongwa asubuhi ile kwenye kivuko cha zahanati na gari la kusambaza mikate, na kwenye ile picha ya saa nne mume wangu na dada yake walikuwa wanamkimbilia hospitali. Nyonga imevunjika, paja limevunjika sehemu mbili, na kichwa kilikuwa kimepigwa vibaya hata wakasema wasubiri ndipo wamfanyie upasuaji. Nilipofika hospitali nikamkuta dereva wa mikate amekaa kwenye benchi ya korido, mtu mzima wa miaka kama hamsini, hajakimbia, yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mama kumwingiza zahanati, na askari walishachukua maelezo yake na kumwambia asiondoke mjini. Mume wangu alimwendea, mimi nikadhani atampiga. Yule mzee hakuinuka, akamwambia, "Ndugu yangu, sina la kujitetea. Miaka miwili nimepita pale kwa mwendo wa kobe kwa sababu ya ile kamera. Walipoiondoa, mguu wangu ukasahau."

Mume wangu akageuka akaniuliza mimi, taratibu tu, kwa sababu anajua ninakofanya kazi, "Hivi ile kamera waliitoa kwa nini?"

Nikamjibu sijui.

Siku mbili baadaye, tukiwa wodini, ujumbe wa faini ukaingia kwenye simu yake na picha yake ikiwa juu. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka kicheko ambacho kwa miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kukisikia. Akasema, si kwangu hasa, ni kama anaiambia ile simu, "Mtu gani anakaa ofisini anaona watu wanalia hivi, halafu anaipitisha?" Wifi akasema ni mashine hizo kaka, mashine haina moyo. Nami nikawa nakunja shuka la mama ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Mama amefanyiwa upasuaji, anaongea, madaktari wanasema atatembea lakini kwa kushikilia chuma, na cherehani yake ni ya miguu.

Wifi ameandika malalamiko kwa halmashauri akiuliza kwa nini kamera iliondolewa, na malalamiko yameangukia kwa Mzee wa Chati, na Mzee wa Chati ameyaleta kwangu, hajui kwamba aliyeandika ni wifi yangu kwa sababu ametumia jina la mumewe. Ameniambia niandike majibu kwamba kamera ilikuwa mbovu ikapelekwa kutengenezwa, nisaini kama karani wa kituo, na ule ukurasa wangu wa zamani niutoe kwenye faili nimpe mkononi. Hakufoka. Alifunga mlango akasema, "Binti yangu, humu ndani hakuna aliyemgonga mtu. Andika mbovu, maisha yaendelee."

Mshauri, je, mimi ndiye niliyemgonga mama? Nikikataa nitafukuzwa na mume wangu ana kibarua tu. Nikisema ukweli nyumba itavunjika. Nikinyamaza dereva wa mikate atabeba mzigo wote peke yake, na mimi nitakuwa nampelekea mama uji kwa mkono huo huo. Nimekuwekea namba yangu ya simu. Nisaidie.

Mimi,
Karani wa Picha

*

Karani wa Picha,

Nimesoma barua yako mara moja, nikaiweka chini, nikaenda kunawa uso. Kabla sijaanza safu hii nilifanya kazi ya uuguzi miaka tisa katika wodi ya mifupa, nyonga zilizovunjika nimezigeuza kitandani nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na bado barua yako imenishtua. Imenishtua kwa sababu hakuna ndani yake mtu mmoja aliyeamka asubuhi akitaka kumuumiza mama yako.

Umeniuliza kama ni wewe uliyemgonga. Hapana. Aliyemgonga ni dereva wa mikate, naye anajua, hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kivuko kilikuwepo, watu walikuwepo, na mtu mzima hapaswi kuchungwa na nguzo ya kamera ili asiue. Lakini usishushe pumzi mapema. Wewe umeandika uongo kwa maneno ya kweli. Kamera inayokamata watu watatu kwa siku mahali ambapo hagongwi mtu, hiyo haijalala, binti, hiyo imemaliza kazi na inaendelea kuifanya. Nyumba yako isipovuja utapanda juu uondoe bati kwa sababu halina tija? Ulijua. Ulikuwa na hesabu za miaka miwili mezani kwako, ukamwandikia mkubwa alichotaka kusikia kwa sababu anasifu mwandiko wako. Nakusema kwa sababu naona unataka kusemwa, na nyumbani hakuna anayejua akuseme.

Sasa nawageukia wasomaji wangu wanaosoma hapa wakisugua mikono, wale mnaoniandikia kila wiki kwamba kamera ni wizi wa mchana. Mkae chini. Kamera hiyo ilipokuwa zahanati iliokoa watu, na walipoihamisha mtu akavunjika, sasa ushahidi gani tena mnataka kwamba mwendo unaua? Mwizi hapa ni yule aliyebadilisha swali. Swali lilikuwa wangapi wamefika salama, yeye akauliza wangapi wamekamatwa.

Na hili litakuuma: ile picha ya mumeo uliipitisha kwa haki. Tisini na nne ni tisini na nne, hata kama dereva analia, na anayelia haoni vizuri. Angeweza kumfanya mama wa mtu mwingine alale kitanda cha pili. Usiombe msamaha kwa kubonyeza kijani. Omba msamaha kwa kusema "sijui", maana hilo ndilo ulilomfanyia mume wako ukimtazama machoni.

Kwa kuwa Ijumaa haingoji gazeti, nilikupigia Jumatano. Uliongea kwa kunong'ona, nikakwambia mambo mawili: usisaini, na ule ukurasa usiutoe kwenye faili, upige picha na upeleke nakala kwa mwanasheria wa kile chama cha wafanyakazi ambacho, umeniambia, unakilipia ada kila mwezi na hujawahi kukitumia. Nikakwambia pia umwambie mumeo kabla hajaambiwa na karatasi.

Jana umeniandikia. Hukusaini. Mzee wa Chati hakukufukuza, kwa sababu mwanasheria alikuwa ameshampigia simu mkurugenzi, lakini amekuhamishia stoo ya mafaili chini, chumba kisicho na dirisha, na wenzako wa meza tatu wamepita mbele yako bila salamu. Mumeo ulimwambia jikoni. Alikusikiliza mpaka mwisho, akatoka, akakaa ndani ya gari lililozimwa saa nzima, na aliporudi hakukutukana wala hakukugusa, alikuuliza tu kama mama anajua. Ukasema hapana. Akalala sebuleni, na usiku wa pili pia. Unaniuliza ufanye nini ili arudi chumbani.

Usifanye kitu. Mpe muda, mpikie kama kawaida, usimfuate na machozi. Mwanaume aliyeuliza "mama anajua?" hajafunga mlango, amekuonyesha mlango ulipo.

Nenda kwa mama. Usimtume wifi, usimpitishie mumeo, na usingoje atoke hospitali eti apate nguvu, kwa sababu hospitali zina masikio na atasikia kwa mtu mwingine. Nenda saa ya mchana ambapo wodi imetulia, vuta kiti ukae usawa wa uso wake, usipige magoti, kupiga magoti kutamlazimisha akusamehe mbele ya watu. Umwambie kwa maneno mafupi: kamera ilikuwepo, ilikuwa inafanya kazi, niliandika iondolewe kwa sababu haikuleta faini, na nilidanganya nilipoulizwa. Neno tija usilitaje. Usimweleze habari za mkuu wako mpaka akuulize, maana ukianza naye utajificha nyuma yake. Mwambie pia kwamba utakwenda kutoa maelezo polisi kuhusu ile kamera, ili dereva wa mikate abebe la kwake tu, na uende kweli, Jumatatu, na mwanasheria wako. Na barua ya kudai kamera irudishwe pale zahanati iandike wewe, kwa mwandiko ule ule mzuri, kisha wifi yako, ambaye ndiye mlalamikaji, aisaini ukishamweleza na yeye.

Ukishamwambia mama, nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, na utatamani kukijaza kwa kulia. Usilie kabla yake. Huyo mwanamke amefua nguo zako kwa siri wiki tatu bila kukudai neno. Kaa hapo, mikono mapajani, mpaka aseme yeye kwanza.