Kura Saba za Chumba cha K

Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.
21 Agosti 2022

Mpendwa ndugu yangu Nguma,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. U hali gani huko Lodwar? Joto limekuzoea, au bado linakuchoma? Purity na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila Mama na jicho lake la kushoto. Daktari asema ni mtoto wa jicho, yeye asema ni moshi wa kuni.

Matokeo ya urais umeyasikia huko huko, na kura ya gavana iliahirishwa, tunarudi kuipiga tarehe 29. Kwa hiyo nakupa ya ubunge. Kaka yetu Kazungu ameanguka, tena vibaya, wa tano kati ya saba. Sikutaka kukwambia kwa simu kwa sababu nyumba hii ina masikio mengi, na jambo lenyewe linanitia aibu.

Kushindwa kwenyewe si neno; asiyekubali kushindwa si mshindani. Kilichomvunja ni ile fomu ya matokeo iliyobandikwa kwenye mlango wa darasa tunamopigia kura. Wajua watu hugawanywa kwa herufi, na sisi kwa majina yetu tumejaa chumba cha K: Mama Kadzo, Shangazi Kache, binamu yetu Kahindi, mimi Kanze. Jamaa kumi na mmoja tulipiga humo, Kazungu mwenyewe akiwemo. Akapata kura saba! Hata tukisema majirani hawakumpa moja, bado watu wanne wa damu yake wamemkataa.

Akaanza kutuhoji mmoja mmoja, na kila mtu akaapa. Mwisho lawama ikamwangukia Kahindi, kwa kuwa alionekana na fulana ya mpinzani. Fulana ya bure, Nguma, nani huikataa? Kazungu akamtoa kwenye chumba alichompa uani kwake, pamoja na mkewe mjamzito. Wamejibanza Chaani kwa shemeji.

Sasa nisikilize. Kahindi hakuwa na kosa. Ni Mama.

Unakumbuka Kazungu alipokuwa bado chamani, kabla hajaangushwa kwenye mchujo mwezi wa Aprili? Kila Jumapili aliwaketisha Mama na mashangazi watatu akiwafunza alama ya chama: tieni tiki hapo hapo, kuanzia karatasi ya rais mpaka ya mwisho, suti kamili. Alipotoka akawa mgombea huru, akapewa alama ya kinu, akaizunguka Bamburi yote kuinadi. Uani kwa Mama hakurudi kufundisha upya. Alidhani mama hafundishwi kumchagua mwanawe. Nao wanne, kwa macho yao hayo ya uzee, wakafuata somo la kwanza.

Mama alinieleza siku ya tatu baada ya kura, kabla Kahindi hajatolewa, akilia, akanisihi ninyamaze. Nikanyamaza. Siku Kahindi alipofunga godoro lake nilikuwa pale pale, nikamsaidia kushika kamba.

Alhamisi Mama hakustahimili tena. Alikwenda kwa Kazungu peke yake kwa miguu, akamwambia, "Mwanangu, mimi sikutafuta sura yako, nilitafuta alama uliyonifunza. Hukuja kunambia umehama." Kazungu akasema, "Basi Mama, nilijiangusha mwenyewe." Ningekuwa mimi, ningekasirika. Yeye alimchukulia kiti, akamchemshia chai.

Jana akaenda Chaani kumtaka Kahindi radhi, nami nikamsindikiza. Kahindi alisamehe, kwa moyo ambao mimi sina. Watarejea mwisho wa wiki.

Mpigie Kazungu, tafadhali. Usimwulize kura, mwulize hali. Nisalimie Purity, na mwanao Brandon umwambie bibi yake anamngoja Desemba. Mama na Shangazi Kache wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na njiani.

Lakini sijakwambia lililonikosesha usingizi. Tulipokuwa tukiagana Chaani, Kahindi alinishika mkono akasema, "Dada Kanze, katika jamaa zote, ni wewe peke yako hukunidhania." Nami, na mdomo wangu huu unaoujua, nikamwitikia tu, "Haya, ndugu yangu." Kesho narudi kwake kumwambia kwamba nilijua. Niombee anifungulie mlango.

Dada yako akupendaye,
Kanze