Tata, Nimefika Dodoma

Tata,

Shikamoo, baba yangu. Nakusalimia kwa heshima maana ndivyo ulivyonilea, lakini ujue tangu nirudi kutoka Dodoma sijatulia. Nashika chaki darasani hapa Mugumu, halafu nasahau nilitaka kuandika nini. Nimepigwa na butwaa, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe uliyelianzisha jambo lenyewe, na wewe tumeshakuzika.

Mji ule haupo, Tata.

Wakumbuka jioni zetu Kisaka, tukipukuchua mahindi? Ndiyo kwanza ulikuwa umerudi kutoka Dodoma, seremala kijana uliyeajiriwa kuchonga vijumba vya mbao kwa ajili ya mfano wa mji mkuu mpya, ule uliowekwa juu ya meza kubwa ili viongozi wautazame. Ulikuwa ukipanga magunzi kwenye mkeka kutuonyesha. "Hapa katikati ni uwanja. Unashuka kwa ngazi pana, mtu anakaa popote anapotaka. Hii ni njia ya waendao kwa miguu. Magari yana njia yao, hayakutani na mtu hata kidogo." Nikakuuliza ng'ombe watapita wapi. Ukafikiri sana, kana kwamba nimeuliza swali la mtihani, ukasema, "Watapewa njia ya magari."

Na kweli uliwapa. Ulipojenga boma letu, zizi hukuliweka katikati kama wenzako wote. Ulilipeleka nyuma, chini ya mteremko, ukapanda minyaa pande mbili ili ng'ombe wawe na njia yao peke yao. Katikati ukaacha uwanja mtupu, ukaujengea ngazi za mawe, nyumba zikauzunguka pande tatu. Watu wakapita wakicheka. Mama alisema kwa mwaka mzima alikuwa anaona aibu kwenda kisimani.

Halafu wazee wa ukoo wakaja. Mimi ndiye niliyewapelekea maji ya kunywa, kwa hiyo nilisikia. Mmoja akakuuliza, "Ng'ombe wakilala huko nyuma, mwizi akija utamsikia na masikio gani?" Wewe ukasimama na kofia yako mkononi, mpole kabisa, ukasema, "Wazee wangu, mji mkuu wa nchi hii umejengwa hivi hivi. Mnataka mimi nibishane na serikali?" Miaka ile nani angetaka kubishana na serikali? Wakanywa maji yao, wakaondoka. Mimi nilikuangalia nikaona hakuna mwanaume mkubwa kama wewe wilaya nzima.

Wezi walikuja kabla ya mavuno yaliyofuata. Walipita njia yako nzuri ya minyaa, wakaondoka na ng'ombe wote, hakuna aliyeamka. Wengi wa ng'ombe hao walikuwa wa Baba Mdogo Marwa, mdogo wako, aliowakusanya kwa ajili ya mahari. Msichana wa Ring'wani aliyekuwa amemchumbia akaolewa na mtu mwingine. Baba Mdogo hakukugombeza. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Shemeji, hata Dodoma ni hivyo hivyo. Ni bahati yangu tu."

Ninakukumbusha haya ili ujue kwa nini nilikwenda. Mwita, mwanao, ameleta matofali. Lami imefika, naye anataka kujaza ule uwanja fremu za maduka. Anasema umekaa bure. Nikamwambia huwezi, uwanja huu ni mfano wa mji mkuu, watoto wetu wote wamecheza hapa, na siku ya msiba wako watu waliketi kwenye ngazi zile mpaka juu. Akanijibu kwa dharau yake ile ile, "Dada, wewe umeuona wapi huo mji? Kalete picha. Ukileta picha, naondoa matofali." Nilikuwa nimeitwa semina ya walimu Dodoma. Nikamwambia subiri.

Tata, nimeutafuta. Semina ilipokwisha nikachukua bodaboda, nikamwelekeza kijana kama ulivyonielekeza kwa magunzi. Akanizungusha jua kali mpaka yeye mwenyewe akanionea huruma. "Mama, hizo ngazi mimi sizijui, na nimezaliwa hapa." Mji upo, mkubwa, una barabara pana na maofisi yanayong'aa. Lakini waendao kwa miguu wanakimbizana na magari kama kwingine kote. Mwisho akanishusha kwenye ofisi moja ya mipango miji. Nikamkuta mzee mmoja mstaarabu, nikaanza kumweleza: uwanja wa katikati, unashuka kwa ngazi, nyumba pande tatu. Sikumaliza. Akamalizia yeye.

"Njia ya miguu huku, njia ya magari kule, hazikutani," alisema. "Huo ulikuwa mchoro tu, mama. Haukujengwa."

Nikamuuliza ni sehemu gani haikujengwa. Akasema hiyo yote ninayoitaja. Fedha zilikosekana, mipango ikabadilika, mji ukajengwa vingine. Akanionyesha picha ukutani, ile meza yenye vijumba vyenu vya mbao. Nikatazama, nikashika ukuta. Lilikuwa boma letu. Palipoandikwa maktaba, kwetu ni jiko la Mama. Yule mzee akanivutia kiti, akauliza kama nina presha.

Njia nzima kurudi nilikutetea. Nilisema hukujua. Uliondoka kazi ikiendelea, ukaamini wamemaliza, nani angekuambia huku Kisaka? Nilifika nyumbani na utetezi wangu umekamilika, nikampa Mama, na Mama akaendelea kuchambua mboga.

"Alijua," akasema. "Alikuja seremala mwenzake, akamwambia kazi imesimama, haitajengwa. Baba yako hakula siku ile."

"Ilikuwa kabla ya wazee kuja, au baada?"

"Kabla. Hata msingi alikuwa hajachimba."

Tata. Ulisimama mbele ya wazee na kofia yako mkononi ukawadanganya. Uliwaacha wakuogope kwa sababu ya mji uliokuwa unajua haupo na hautakuwepo. Sasa naelewa kwa nini kila tulipotaka kukupeleka Dodoma kulikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nina hasira na wewe, na wakati huo huo nakuona ukichimba ule msingi peke yako baada ya habari ile, na nalia kama mtoto. Sijui nifanye lipi kwanza.

Jumapili tulikaa kikao. Mwita aliomba picha yake. Ningeweza kusema simu iliharibika. Lakini Baba Mdogo alikuwa ameketi pale kwenye ngazi, mzee sasa, fimbo katikati ya magoti, na yeye ndiye aliyebaki mwenye neno la mwisho. Nilimgeukia nikamwambia yote, kwamba ng'ombe wake waliibwa kwa ajili ya mji usiokuwepo, na kwamba ulijua. Mwita alitabasamu. Mama alitazama chini.

Baba Mdogo akaigeuza fimbo yake mkononi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kitu hiki hakipo Dodoma?"

"Hakipo, Baba Mdogo."

"Hakipo mahali popote?"

"Ni hapa tu."

Akainuka. Akazishuka ngazi zote taratibu, akafika chini kwenye njia ya minyaa, akasimama akiitazama. Tulimwona mabega yakitetemeka na hatukujua anacheka au anafanya nini. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Mwita, mura, kijana wangu, ondoa matofali yako," alisema. "Mimi nimekilipia hiki kitu kwa mke. Hakibomolewi."

Matofali yameondoka. Uwanja wako upo, Tata, na watoto wa Mwita wanaruka ngazi kama tulivyoruka sisi. Pumzika kama unaweza. Nilimwambia Baba Mdogo nikikuandikia nitakuombea msamaha kwake. Akakataa. Anasema hana muda mrefu, atakuja kukuuliza mwenyewe.

Mwanao wa kwanza,
Ghati