Jembe la Bibi Harusi Mtaroni

Alhamisi, 9 Novemba 1978

Ndani tena. Nimesuka mkeka mpaka vidole vinauma. Desturi ya huku Keza: bibi harusi hashiki jembe wala hateki maji mpaka atolewe nje rasmi, kwa pombe na nyimbo. Mama mkwe ananilisha kama ndama. Silalamiki. Venansi wangu ndiye anayeshuka bondeni kuniletea maji ya kuoga, ndoo kichwani, bila haya. Jirani yetu Dafroza alipaza sauti njiani: "Jamani, Venansi ameolewa!" Naye akajibu, "Tena kwa furaha!" Nilicheka nyuma ya mlango. Nampenda mwanamume huyu. Nampenda mno.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya mtaro. Kila kaya imepewa kipande chake, kutoka chemchemi ya kilimani hadi hapa kijijini, ili bomba lipite. Sharti la kamati ya maji: kila kaya ichimbe chake na ikitunze chake, tusije tukategeana. Chetu kiko katikati, penye udongo mgumu kweli. Venansi amerudi mwekundu hadi kwenye kope. Amesema maji yakifika sitalijua bonde lile maishani mwangu. Kuna mke aliyewahi kupewa zawadi kama hii?

Jumanne, 14 Novemba

Vita. Mgambo wa kijiji wameitwa. Venansi ni mmoja wao. Kesho.

Nimelia juu ya mkeka. Yeye amekaa uani, anatia mpini mpya kwenye jembe, anaulainisha kwa kipande cha chupa. Sikuuliza ni la nani.

Jumatano, 15 Novemba

Ameondoka. Lori lilijaa, wote wakiimba. Sikuruhusiwa hata kumsindikiza barabarani. Nimemwona kupitia ufa wa mlango. Alivaa shati la harusi. Mungu, mlinde.

Nusu ya kipande chetu haijachimbwa.

Ijumaa, 17 Novemba

Mzee Leonsi, mwenyekiti wa kamati ya maji, amefika. Fundi wa mabomba naye ameitwa vitani. Anaondoka Jumatatu. Atalaza bomba pale tu mtaro ulipofika kina cha fimbo ya kipimo. Pasipochimbwa, bomba linaishia hapo. Maana yake wote walio chini yetu watakosa maji, na sababu ni sisi.

Mama mkwe akasema atachimba mwenyewe. Na mgongo ule, uliopindishwa na mitungi! Nikasema hapana, mimi. Akanikata: "Ukishika jembe kabla hujatolewa, watasema tulikuoa uwe punda." Akajitupia kanga, akaenda kwa Dafroza bila kuniaga.

Nauchukia mkeka huu.

Jumamosi, 18 Novemba

Mikono ina malengelenge, lakini lazima niandike!

Asubuhi mama mkwe alinifunika kanga kichwani, akanishika mkono, akanitoa. Nilidhani tunaishia uani. Tulipita moja kwa moja hadi mtaroni. Dafroza nyuma na kibuyu cha pombe ya ndizi, wanawake wakipiga vigelegele mvuani. Pale pale Venansi alipoachia, mama mkwe akanifunua uso, akanikabidhi jembe. Lile la mpini mpya. "Haya, mkwe wangu. Nimekutoa."

Nikaanza. Dafroza akapiga kelele: "Chimba, msomi, hiyo si kalamu!" Kisha yeye mwenyewe akaruka ndani ya mtaro. Wote wakaruka. Kwa desturi, wanaomtoa bibi harusi hulima naye shamba lake la kwanza. Mzee Leonsi akakumbusha sharti la kamati. Mama mkwe akamjibu kwa upole, "Shikamoo, Mzee. Hili ndilo shamba lake." Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. "Marahaba. Limeni."

Mwanamke huyu! Alijua tangu jana.

Fimbo ilishushwa, ikagoma. Tukachimba tena. Jioni fimbo ikazama yote.

Jumapili, 19 Novemba

Fundi amelaza bomba baada ya misa, tukafukia nyuma yake. Maji yametoka! Kahawia kwanza, yakikohoa, kisha safi kabisa. Watu walikinga kwa mikono, kwa kofia. Mama mkwe hakunywa. Alivua kandambili, akaosha miguu, taratibu, mmoja kisha mwingine. Nimelia tena. Asante, Mungu, kwa ukoo ulionipa.

Jumatano, 29 Novemba

Venansi bado hajarudi. Kamati imetaka kila kaya ikague kipande chake kila asubuhi. Chetu nimekagua. Alipochimba Venansi pamenyooka kama rula. Pangu pamepinda kama nyoka. Udongo mkavu kote, hakuna panapovuja. Nimesimama kidogo pale pake na pangu panapokutana. Chini ya miguu yangu maji yanapita kwake kwanza, halafu yanakuja kwangu.