Si Ile Laptopu Uliyoniambia

Homa Bay,
Jumatatu asubuhi.

Kwa kaka yangu Maranga,

Pokea salamu zangu wewe pamoja na wifi Benta na Bitutu wetu. Natumaini baridi ya Nakuru imepungua na kile kifua cha mtoto kimetulia. Mimi nimerudi jana kutoka nyumbani Uriri, nilikwenda kwa Sabato. Mama anaendelea vizuri na mguu wake, Baba bado anagombana na wanunuzi wa ndizi pale sokoni, na wote wanakusalimu sana. Mvua imeharibu barabara ya kwetu, lakini mahindi yamekubali.

Najua Baba alikupigia wiki jana. Najua pia alichokuambia, kwa sababu aliniambia mimi kwanza: kwamba Zilpah amepata chuo amepata na maringo, kwamba kaka yake amejinyima ili apate laptopu, naye anazunguka madukani kama mtu anayechagua mchumba. Ningekupigia nikueleze, ila kwa simu wewe huharakisha kucheka nami huharakisha kunyamaza. Kwa hivyo nakuandikia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika, kwa maana sikununua ile uliyoniambia.

Wewe ulisema Mac. Ulisema ndiyo unayofanyia kazi pale kwenu mnapochapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi, kwamba imeanguka mezani na haijawahi kuugua, na kwamba stima ikipotea yenyewe inaendelea tu. Baba naye akashikilia Windows, kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye kompyuta za kulipia pale saiba ya Uriri na ndiyo anayotumia karani wa kanisa. Hapa chuoni nilikuta watu wamegawanyika kama mashabiki wa mpira. Wenye Mac ni wachache na wanajijua. Wenye Windows huwaambia kwamba siku mashine zao zitakapoharibika, hakuna fundi kutoka hapa mpaka Isebania atakayethubutu kuzifungua. Nilimwuliza mhadhiri wetu, akasema kwake zote ni sawa, bora kazi ifike kwa wakati na aweze kuifungua.

Nilianzia kwa Mama Ruqia, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Watu wake walitoka Pwani zamani, na Kiswahili chake kinanifanya nione haya kwamba mimi ndiye ninayesomea kukifundisha. Alikuwa na Mac moja iliyotumika ng'ambo, ya kijivu, nyembamba kama sahani. Kaka, niliipenda. Nilipoigusa niliona yote uliyosema ni kweli. Nilimwomba aongeze mwanga wa skrini, akaongeza. Nikamwomba akuze herufi, akakuza, nikamwomba akuze tena. Mwishowe nikauliza kama mashine yenyewe inaweza kusoma kwa sauti. Akatafuta, ikasoma Kiingereza kwa sauti nyororo kama ya mtangazaji wa habari. Nikashukuru, nikatoka bila kununua.

Kesho yake nikarudi kuangalia Windows, nikauliza yale yale. Nikapanda mpaka Migori, nikaingia maduka ya kule moja baada ya jingine. Kijana wa duka la mwisho alichoka nami akaniuliza kama nimetumwa na jirani yake kumpotezea wateja. Nilitoka pale nikasimama kando ya barabara, nisijue kama nirudi Homa Bay au niende nyumbani, na kwa muda nilitamani tu mtu aniamulie.

Tangu hapo sikuweza kutulia. Darasani nilikuwa nakaa huku akili iko madukani. Chumbani natembea kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, mpaka Phanice tunayeishi naye akasema nitamaliza sementi. Aliniambia ni kompyuta tu, nichague moja nilale. Nilimkubalia, halafu nikaamka nikatembea tena.

Alhamisi nikarudi kwa Mama Ruqia mara nyingine. Alinikaribisha kiti, akaniletea chai, akaiweka kando yangu juu ya kaunta, huku akinieleza habari za betri. Nikageuka kumjibu, mkono wangu ukakipiga kikombe. Chai ikamwagika kote, ikakaribia zile mashine zake. Niliruka, nikaanza kuomba msamaha kama mtu aliyechoma nyumba. Yeye hakupiga kelele. Aliinua mashine, akafuta kaunta taratibu, kisha akaketi mbele yangu.

"Binti," akasema, "kikombe nilikiweka hapo nawe umenielekea. Hukukiona?"

Nikasema sikukiona.

"Na juzi ulimgonga mteja wangu mlangoni. Nikadhani una haraka. Macho yako yana nini, mwanangu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, kaka. Nyumbani waliniambia mzembe, shuleni waliniambia najikwaa kwa sababu nawaza mengi. Nililia pale dukani mbele ya wateja wake, naye akafunga mlango, akawaambia warudi baadaye. Alichokisikia yeye siku ile ndicho ninachokuambia wewe sasa.

Mwanzoni mwa muhula nilikwenda kwa daktari wa macho hapa mjini. Nilidhani nahitaji miwani. Alinimulika, akaniambia nitazame mbele tu na nibonyeze kila nikiona nukta ya mwanga, na mimi nikawa nabonyeza mara chache, nikifikiri mashine imekwama. Haikukwama. Daktari alisema kuona kwangu kwa pembeni kumekwisha, pamebaki pa katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Hapo katikati napo patazidi kupungua. Aliniambia miwani haitasaidia, na kwamba inaweza kuchukua miaka mingi au michache, yeye hawezi kuahidi. Halafu akauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye shida hiyo. Nikajibu hakuna. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nilipomkumbuka Shangazi Nyanchoka.

Unakumbuka tulivyoambiwa habari za upofu wake. Wengine walisema alirogwa, wengine walisema ni machozi ya kumlilia mumewe. Hakuna aliyesema ugonjwa. Anakaa nyuma ya jiko akichambua maharagwe, na watu wanamjadili akiwa papo hapo, kama vile masikio nayo yalikwenda na macho. Kilichoninyima usingizi si giza, Maranga. Niliogopa kwamba Baba akijua atanitoa chuoni kwa huruma, aniwekee kigoda kando ya kile cha Shangazi.

Kwa hivyo laptopu niliyokuwa naitafuta ni ile itakayonisomea siku nitakaposhindwa kusoma. Mama Ruqia alipojua hayo, tuliketi mchana mzima tukizijaribu. Tuliipa ile Mac aya moja ya insha yangu. Ikaisoma kwa ile sauti yake nzuri, lakini kama mtalii anayesoma kibao cha njiani, maneno yote yamepinda. Tulitafuta sauti ya Kiswahili humo ndani, hatukuipata. Labda ipo na ni sisi tusiojua pa kuitafuta. Windows tuliitilia programu ya bure ya kuwasomea wasioona. Sauti yake ni mbaya, kaka, nisikudanganye. Ni kama mtu anayesemea ndani ya debe. Ila iliposoma aya ile ile, Mama Ruqia alipiga kofi kwenye kaunta. Ilisema "ng'ombe" ikawa ng'ombe. Ilisema "nyang'anya" bila kujikwaa.

Mimi nitakuwa mwalimu wa Kiswahili. Nitasahihisha insha za watoto wa watu maisha yangu yote. Sauti nzuri isiyojua kazi yangu ningeifanyia nini? Nikainunua ile yenye sauti ya debe, na njiani nilikumbuka jinsi ulivyonisifia Mac yako, nikaona nimekukosea heshima. Nisamehe. Hii ndiyo ninayoandikia sasa. Kila nikimaliza sentensi inanisomea, na jina lako inalitamka vizuri.

Nilikwenda nayo nyumbani. Baba alipoona ni Windows alifurahi sana, akamwambia Mama kwamba hatimaye nimemsikiliza yeye. Nilishindwa kumwambia ukweli. Lakini baada ya kanisa nilichukua ungo nikaketi na Shangazi nyuma ya jiko, nikamweleza yeye kwanza. Aliacha kuchambua, akafuta mikono. Kisha akaupapasa uso wangu wote, akauliza, "Hata wewe?" Nikaiwasha laptopu, nikaiacha isome. Akasikiliza shingo ameipinda, akauliza kama inajua Ekegusii. Nikamwambia bado. Akasema basi irudi shule. Tulicheka mpaka Mama akaja kuangalia kuna nini. Kaka, sikumbuki lini nilimsikia Shangazi akicheka.

Baba nitamwambia mwenyewe nikienda tena nyumbani, naomba usinitangulie. Akikupigia baada ya hapo akisema niache chuo, nisimamie. Wewe anakusikiliza. Mwambie nimeshapata mahali pa kushika.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike, nami nimelizunguka kama nilivyozunguka madukani. Daktari alisema ugonjwa huu hutembea ndani ya damu. Nilirudi kwake Ijumaa nikamweleza kuhusu Shangazi, akasema dalili ya kwanza huwa ni kutoona vizuri giza likiingia, kisha akaniuliza nina ndugu wangapi. Nimekuwa nikifikiri. Krismasi ulipokuwa nyumbani uliligonga lango kwa pikipiki wakati jua linazama, ukasema ni uchovu. Na wifi Benta alituambia kwamba Bitutu hulia akiambiwa avuke uani jioni, mahali ambapo mchana hukimbia peke yake. Tulisema ni mwoga. Huenda ni mwoga kweli. Huenda na wewe ulikuwa umechoka kweli.

Lakini nenda mkapimwe, kaka. Nenda wewe na umpeleke mtoto, msingoje mwisho wa mwezi. Mwambie wifi ukweli asije akadhani namlaumu. Mkiambiwa hamna kitu, nicheke utakavyo na unidai Mac yako. Na mkiambiwa kingine, usimfiche Bitutu kama tulivyofichwa sisi. Mimi nitakuja Nakuru nimweleze mwenyewe, pole pole, kwa maneno anayoyaweza.

Nisalimie majirani zenu, na wifi mwambie uji wake bado nauota. Nitakuwa nikiangalia simu kila saa mpaka nipate jibu lako.

Ni mimi dadako akupendaye,

Zilpah Nyakerario.