Kitabu Upande wa Limi

Jumatatu, 16 Desemba 2024

Bado naamka na kujishangaa. Mimi! Mke wa mtu! Nyumba yetu ya vyumba viwili hapa Kalangalala, na pazia nimelichagua mwenyewe — maua ya zambarau. Boaz ametoka alfajiri kwenda kutengeneza karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Amegeuka mlangoni mara mbili kunitazama. Nimemwona, ingawa alijifanya anaangalia mawingu.

Na leo wageni! Wifi Salome, dada yake Boaz, ametuletea wanawe watatu. Yeye ni mama lishe, anawapikia wachimbaji huko machimboni, na huko shule hakuna. Kulikuwa na kijana mmoja akiwafundisha watoto chini ya turubai. Kitabu kimoja, watoto wote! Dhahabu ilipoonekana kwingine, mwalimu naye akabeba karai akahama.

Limi ana miaka kumi na mmoja, Amosi minane, Blessing hajafikisha miwili. Shule ya jirani itafunguliwa katikati ya Januari. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Euphrasia, atawapima siku hiyo, ndipo aseme nani aingie darasa la ngapi. Mpaka hapo mwalimu wao ni mimi, hapahapa sebuleni. Kidato cha nne changu kimepata kazi!

Wifi alisema wazi kabla hajapanda bodaboda. Limi akiingia la tano, abaki asome. Wakimtupa la pili, anamrudisha jikoni. "Mtoto mrefu vile akakae na vitoto? Bora anioshee vyombo, wifi."

Limi alikuwa amesimama palepale. Alimpandisha tu Blessing mgongoni na kukaza kitenge.

Jumatano, 18 Desemba 2024

Siku ya kwanza ya shule yangu! Boaz amepaka rangi nyeusi nyuma ya mlango wa chumbani ndiyo iwe ubao. Eti amefanya hivyo ili kila anapofungua mlango aone mwandiko wangu. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Ratiba niliipamba kwa kalamu za rangi. Saa mbili hesabu, saa tatu kusoma. Saa mbili Blessing kala chaki. Saa tatu maharage ya kuhesabia yote yapo kwenye ndoo ya maji ya kunywa — na yeye anapiga makofi. Ratiba halisi ya nyumba hii ni moja: Blessing amelala, Blessing ameamka.

Amosi anasoma vizuri kwa umri wake. Hesabu za Limi — jamani! Anajibu kabla sijamaliza kuandika, mkono kiunoni kama anahudumia wateja. Lakini kusoma... Nilimpa kitabu changu kipya, cha hadithi ya kuku aliyetaga stendi ya mabasi. Akakipokea, akakigeuza juu chini. Mama Ritha wa nyumba ya pili alikuwa kaja kuomba chumvi. Alicheka! "Mayu wee, huyu hata kitabu hajui kukishika!" Na mimi nikacheka kidogo, nikamgeuzia. Limi akaanza, k... ku... kuk... Jasho likamtoka puani. Ukurasa haukuisha.

La tano? Mungu wangu.

Jumapili, 22 Desemba 2024

Kanisani Boaz alinishika mkono chini ya kitabu cha nyimbo. Kope zake bado zina vumbi la mawe, hata aoge vipi. Nimemwambia nimeolewa na mtu mwenye dhahabu kwenye kope. Akasema ingekuwa dhahabu wangekwishamng'oa kope zote.

Limi nimemrudisha kwenye a, e, i, o, u. Anaimba pamoja na Blessing, bila kinyongo, bila furaha. Lakini kuna kitu sikielewi, na kinanikosesha raha. Jana kulikuwa na gazeti la zamani, limefunga dagaa wa Nkome. Limi alikuwa anachambua dagaa, kimya, halafu akacheka peke yake. Nikamuuliza unacheka nini? Akasema, "Hamna, anti." Nilipolichukua lile gazeti, kwenye kona kulikuwa na habari ya mbuzi aliyeingia benki. Sasa alichekea nini? Hakuna picha!

Ijumaa, 27 Desemba 2024

Sikukuu imepita. Pilau, soda, Blessing kumwagia soda gauni langu la harusi ya kanisani. Sikukasirika. Boaz alilifua mwenyewe, mtu mzima na mikono yake ya grisi! Limi bado k... ku... kuk.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Nimegundua! Nimegundua!

Mchana, mvua kubwa, bati linapiga kelele. Tumekaa mezani tunatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mimi na Amosi upande huu na kitabu cha kuku. Limi upande wa pili, anatutazama, Blessing mapajani, kwa sababu huyu mdogo akikaa upande wetu anachana kurasa. Amosi anasoma, anasoma. Mara Limi, bila kuinua kichwa:

"Umeruka mstari."

"Sijaruka!"

"Umeruka. 'Kondakta akauliza, nani mwenye kuku huyu? Abiria wote wakaangalia madirishani.' Soma hapo."

Nikatazama. Ndivyo! Neno kwa neno! Na Blessing akarukia, "Madirishani!" — maana ana tabia hiyo, Limi akimaliza sentensi yoyote yeye hudaka neno la mwisho analirusha juu kama mpira.

Nikakisukuma kitabu katikati, vilevile kilivyo, juu chini kwake. "Limi, endelea." Akaniangalia kwanza kama nitacheka. Halafu akasoma. Ukurasa mzima! Kwa sauti ya kondakta, kwa sauti ya kuku! Blessing anapiga kelele kila nukta. "Stendi!" "Yai!" "Nauli!"

Nikamuuliza polepole. Kumbe kule chini ya turubai kitabu kilikaa juu ya boksi, mbele ya mwalimu. Wasio na watoto wa kubeba walikaa nyuma ya mwalimu, wakichungulia begani kwake. Wenye kubeba wadogo zao walikaa ng'ambo ya boksi, ili mikono ya wadogo isifikie karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Limi alikaa ng'ambo tangu Blessing akiwa mchanga mpaka siku mwalimu alipohama. Hajawahi kusoma kitabu kikiwa kimemwelekea yeye.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani vitabu vya mjini ndivyo vilivyo, anti. Vigumu."

Nilimkumbatia na michembe yake mikononi. Siku ile ya kwanza alikigeuza ili asome. Mimi ndiye niliyemgeuzia tena.

Jumanne, 7 Januari 2025

Boaz alipopata habari alikaa chini kabisa. Halafu akataka ajaribu mwenyewe. Akageuza kitabu, akasoma "kuku" akapata "nana". Limi amecheka mpaka machozi — mara ya kwanza acheke nasi tangu aje!

Tunakizungusha kidogokidogo, kama mshale wa saa. Mume wangu ndiye aliyefikiria hivyo, anasema nati iliyoshika kutu huifungui kwa nguvu. Jioni analala kwenye mkeka kama stendi ya kitabu, kitabu kifuani, Limi anasoma na Boaz anajizungusha pole pole. Mimi napika huku nawaangalia. Naomba nisisahau kamwe picha hii.

Leo kimefika ubavuni. Ubavuni anasoma, anapunguza mwendo tu. Kikipita hapo, maneno yanamkimbia. Na jambo jingine la ajabu: Blessing akiwa amelala chumbani, Limi anasoma vibaya zaidi. Akimpakata, anasoma. Kwa nini? Joto lake? Ule uzito mapajani? Chuo cha ualimu wanafundisha mambo haya? Natamani kujua!

Jumapili, 12 Januari 2025

Kesho.

Wifi kapiga simu. Nikamweleza habari ya kitabu. Akauliza: "Wifi, wewe umeolewa au umeajiriwa?" Tukacheka. Lakini akamaliza palepale alipoanzia — la tano, ama anakuja Jumanne kumchukua. Mguu unamvimba, jikoni yuko peke yake. Simlaumu. Na sauti yake ilipouliza, "Kwa hiyo kumbe anajua?" ilikuwa ndogo sana.

Boaz kamwambia Limi: ukikwama, kigeuze, omba tu ruhusa kwa adabu. Limi akatikisa kichwa. "Watanicheka, mjomba."

Kitabu kimebakiza kidogo tu kukaa sawa. Kidogo tu! Wiki moja nyingine ingetutosha.

Jumatatu, 13 Januari 2025

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkuu, Blessing kanikalia, kalamu tunagombania.

Amosi kapita upesi, la tatu, kashaondoka na wenzake wala hakuaga. Limi ameingia. Nilimwamkia Mwalimu Euphrasia, nikaanza kueleza. Akanikatiza kwa upole. Mzazi asubiri nje, mtoto tumwone mwenyewe. Mlango ameuacha wazi kidogo.

Hesabu zimekwisha, nimemsikia akisema, "Haya! Hodari!"

Sasa karatasi ya kusoma. Ameiweka mbele ya Limi, sawasawa.

M... mv... Naisikia pumzi yake mpaka hapa. Blessing anachungulia, anataka kwa dada.

Limi ameigeuza karatasi. Ameigeuza! Mwalimu akanyoosha mkono, akairudisha. "Hivi, mwanangu." Si kwa ukali. Kama nilivyofanya mimi. Moyo wangu!

Limi kasimama. Anaongea, simsikii. Anaonyesha mlango. Mwalimu anauliza kitu, Limi anajibu, kichwa chini, vidole vinafinya sketi.

Mwalimu Euphrasia katokeza mlangoni, miwani juu ya paji la uso. Amenitazama, akamtazama Blessing. Halafu: "Mama, hebu nipe huyo mdogo." Akamchukua mwenyewe, makamasi na yote. Akafunga mlango.

Sioni kitu. Limi ana sauti ndogo, mlango mnene, na kule uwanjani wanapiga kengele. Nimeweka sikio kwenye mbao bila aibu, mke wa mtu!

Simsikii Limi. Namsikia Blessing.

"Mvua!"

Kimya kidogo.

"Shambani!"

Kimya.

"Ng'ombe!"