Watu wa Jivu na Watu wa Kengele

Dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Mimi ni mzima, mke wangu ni mzima, na binti yetu, ambaye ni wako pia, ni mzima isipokuwa amerefuka hadi sare ya shule inamkimbia magotini. Nawe hujambo? Najua swali hili watu huliandika kwa mazoea, kisha huendelea na shida zao. Mimi nimeliandika nikaweka kalamu chini kwanza, nikanywa maji, ndipo nikaendelea. Hujambo kweli, dada?

Miaka imepita bila neno kati yetu, na barua ya namna hii haina mahali pazuri pa kuanzia. Kwa hiyo nitaanza na habari za kawaida, unisikilize kama unavyomsikiliza mgeni aliyechelewa kusema kilichomleta.

Bado niko kwenye karakana ile ile ya miwani, chumba cha nyuma chenye dirisha moja, nasaga lenzi. Mwenye duka amenunua mashine mpya inayosaga yenyewe. Inasema kwa sauti ya kike, ikikuamuru usubiri, ikikuamuru ufute vumbi, ikikuamuru uanze upya. Tumeipa jina la Mama Mkwe. Wateja hawajabadilika: wanakalia miwani yao, kisha wanakuja kuapa kwamba waliamka wakaikuta hivyo.

Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye stuli nikibadilisha balbu ya sebuleni. Mke wangu alikuwa ameniambia nitumie ngazi ya jirani. Sifa moja ya wifi yako ni kwamba hakusema "si nilikwambia". Alikuwa akiiangalia ile stuli tu, kila akipita. Kifundo cha mguu kilivunjika, nikafungwa plasta, nikaambiwa nikae nyumbani. Mwanamume anayekaa nyumbani bila kazi hugeuka msimamizi wa jiko. Nikawa nasema chumvi imezidi, moto ni mkali, sufuria ile si ya kazi hii. Hatimaye binti yetu akaniletea kompyuta yake, akaiweka mapajani mwangu, akasema baba, humu mna kabila zima halina wa kuliamrisha, nenda kawaamrishe hao.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika mchezo wa mtandaoni, mimi niliyekuwa nikiwacheka wanaocheza. Nakueleza jinsi ulivyo, ingawa pengine maelezo huyahitaji.

Ni nchi ya kubuni, tambarare isiyo na mwisho, ambamo makabila mawili ya wahamaji yanafuata malisho na visima. Mifugo yao ni wanyama wenye magamba na mabawa yasiyoruka. Kabila la kwanza huitwa Watu wa Jivu, kwa sababu wakihama hubeba jivu la moto wa jana ili wawashie wa kesho juu yake. La pili ni Watu wa Kengele. Kila mnyama wao ana kengele shingoni, na usiku unawasikia kabla hujawaona. Wanagombania visima tangu mchezo uanze. Kila mchezaji huchagua kabila, hujipa jina, kisha huanza kuishi humo na maelfu ya watu asiowajua. Mimi nilichagua Jivu. Nilijiita Kibatari.

Tofauti yao kubwa si visima, ni wagonjwa. Mtu akiugua safarini, Watu wa Jivu husimamisha msafara wote. Hukaa naye hadi apone au afe, hata malisho yakikauka. Watu wa Kengele humfunga kwenye machela, kisha huendelea naye kwenda kwa waganga walioko ng'ambo ya milima, hata akilia kwamba anaumia. Kila kabila huliita jingine katili.

Mchezo wenyewe sikuwa hodari. Mnyama wangu alikufa kiu mara nyingi hadi binti yetu akaomba nimwache apumzike. Nilichopenda ni jukwaa la mashabiki, ukurasa ambako wachezaji hukutana kubishana kuhusu makabila haya. Dada, sijawahi kuona watu wazima wakigombana hivyo kwa ajili ya kitu kisichokuwepo. Yupo mmoja anayejiita Chuma Chakavu, ambaye akiandika unasikia mate yakiruka. Yupo Shangazi Radi, anayeanza kila neno kwa "wanangu" kisha anatukana. Wakibishana kama Watu wa Jivu hufunga mahema mlango ukielekea upepo au la, utadhani wanagawana mirathi.

Upande wa Kengele kulikuwa na mtu anayejiita Kwato Moja. Huyu hakutukana. Aliandika machache, kwa sentensi zilizonyooka, na akishasema jambo lilibaki limesemwa. Mara ya kwanza tuligongana kuhusu kisima kimoja cha kusini, akanishinda. Mara ya pili nikamshinda mimi, akaandika kwamba leo nimeamka na akili. Nilimwonyesha mke wangu maneno hayo. Akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata adui, akasema afadhali.

Kisha watengenezaji wa mchezo wakaleta jambo jipya. Mwongoza njia wa zamani, bibi aliyezaliwa Jivu akaolewa Kengele, anaugua kandokando ya kisima cha mpakani. Makabila yote mawili yanamdai. Mashabiki wapige kura: abebwe kwenda kwa waganga, au wakae naye pale pale. Wakatoa mwezi mzima wa kujadiliana.

Jukwaa likawaka moto. Mimi niliandika kwamba yule bibi ametembea tambarare yote maisha yake yote, na mgonjwa naye ana haki ya kulala. Watu wa Jivu wakanishangilia. Chuma Chakavu akasema sisi ni wavivu tunaoita uvivu huruma. Nikamjibu. Sikumjibu vizuri. Mke wangu aliniuliza kwa nini nasaga meno, nikasema ni habari za mchezo, naye akanitazama kama alivyoitazama ile stuli.

Ndipo Kwato Moja akaandika. Nimeyasoma maneno yake mara nyingi hata sihitaji kufungua kompyuta. Alisema: "Nyinyi Watu wa Jivu mnadhani anayetaka kubeba haoni kwamba mgonjwa amechoka. Anaona. Anataka kubeba kwa sababu mikono yake haijui kukaa. Mkimzuia, mikono hiyo atabaki nayo, na hatajua aiweke wapi."

Niliifunga kompyuta. Nilikuwa nikimfikiria Mama.

Sitaki kuyafukua yote, wewe ulikuwepo. Daktari alisema upasuaji mwingine unawezekana katika ile hospitali ya mbali, wewe ukataka aende, mimi nikamrudisha nyumbani kwangu, akafia kwenye chumba cha mbele dirisha likiwa wazi kama alivyopenda. Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu kwamba nimemkalisha Mama mpaka akafa. Tangu siku ile hatujaongea. Nani alikuwa na haki, sijui. Zamani nilijua, kila asubuhi nilijua. Siku hizi sijui. Nayaandika haya kwa sababu bila hayo yanayofuata hayatakuwa na maana.

Kesho yake Chuma Chakavu na Shangazi Radi walianza tena, safari hii wakitukaniana wazazi. Kwato Moja akaingia kati. Aliandika mstari mmoja tu: "Wanangu, kigomvi chenu kiwekeni chini kipoe, ndipo mkile."

Nilikuwa nimesharudi kazini, wakati wa mapumziko, simu mkononi. Mama Mkwe alikuwa akiniamuru nifute vumbi. Sikufuta.

Dada, nimeishi na watu wengi, nimesikia methali nyingi, lakini maneno hayo nimeyasikia kwa mtu mmoja tu, akiwa na mwiko mkononi, mimi na wewe tukivutana nywele kwa sababu ya ukoko wa wali. Si methali. Hayamo katika kitabu chochote. Ni ya Mama. Waliobaki duniani wanaoyajua ni wawili, na mmoja alikuwa ameketi kwenye karakana ya miwani akiyasoma.

Kwato Moja ni wewe. Nami, dada, ndimi Kibatari.

Ningeweza kusema siku ile ile. Sikusema. Niliogopa kwamba ukijua utaondoka, nami nilikuwa nimepata mahali pamoja duniani ambapo unanijibu. Kwa hiyo nikaendelea kuwa Kibatari. Nikakuandikia faraghani, nikakuambia umeniacha sina la kusema, ukacheka kwa maandishi. Ukaniuliza kazi yangu, nikasema ninatengeneza vitu vya kuonea. Ukasema basi ndiyo maana ninaona mbali na karibu sioni. Nilicheka peke yangu hadi mwenye duka akachungulia. Ukanieleza kuhusu darasa lako la ushonaji, mwanafunzi wako anayeshona mifuko ya suruali kwa nje. Nilijua kila kitu ulichonieleza ni cha kweli, na kila ulichonieleza kilikuwa kimeandikiwa mtu mwingine, si mimi. Hilo liliponisumbua, nililiambia lisubiri. Likasubiri.

Kisha wiki iliyopita ukamwandikia Kibatari kwamba hutaonekana jukwaani kwa muda. Ukasema wamekukuta na uvimbe kwenye titi, unalazwa Alhamisi ijayo, wanautoa Ijumaa. Ukasema hujamwambia mtu. Muuguzi alikuuliza nani atakuwa nawe, ukajibu hakuna. Ukaongeza: "Ninaye mdogo wangu, ila ule mlango niliufunga mwenyewe, na komeo limeshika kutu." Halafu, kama kawaida yako, ukabadili mazungumzo, ukauliza nadhani kura itaangukia wapi.

Kibatari alikujibu pole, akakutakia nafuu. Ni jibu la mtu wa mbali, na niliona haya kuliandika. Baada ya kulituma nilitoka nje ya karakana, nikasimama kwenye ukuta ule wa nyuma wanakoweka maboksi matupu. Nikampigia mama mdogo. Yeye alisema umekonda, unasingizia kazi, na kwamba amekuona mara mbili ukishuka ngazi za hospitali ukasema umepeleka mwanafunzi. Akaniuliza kwa nini nauliza leo, baada ya miaka yote hii. Nikamwambia nitamweleza. Nadhani alikuwa akilia, ila yeye na mafua huwezi kutofautisha.

Barua hii atakuletea yeye mwenyewe. Simu yangu usingeipokea, na jukwaani nisingeweza. Kule sisi ni maadui, na uadui wenyewe nimeupenda, sitaki kuuharibu kwa kuchanganya mambo.

Kura ilifungwa jana. Kengele mmeshinda, ingawa kwa kiasi kidogo. Chuma Chakavu amewatukana washindi na walioshindwa, ili asimsahau mtu. Yule bibi amefungwa kwenye machela, msafara umeondoka, na kilichompata hatujaambiwa bado. Nikuambie na hili: kura yangu ilikuwa ya Kengele. Watu wangu wakijua watanifukuza. Sikuipiga kwa sababu umenishawishi kwamba wewe ulikuwa na haki juu ya Mama na mimi sikuwa nayo. Niliipiga kwa sababu nilifikiri, kama bibi yule angekuwa wewe, ningeweza kukaa tu kando ya kisima? Nikaona siwezi.

Basi, ruhusa nimeshaomba kazini. Mwenye duka alinuna, nikamwambia Mama Mkwe atashika zamu yangu. Nitafika Jumatano jioni nikalale kwa mama mdogo, na Alhamisi asubuhi nitakuwa kwenye mlango wa wodi. Sitakuja kuzungumza habari za zamani. Ukitaka tuzizungumze, tutazizungumza utakapopona. Usipotaka, ninazo habari nyingi za visima vya kusini. Ukiwa na hasira kwa kuwa nilikuficha jina langu, hasira hiyo ni halali yako, njoo nayo. Ukiona uso wangu unakuongezea ugonjwa, nitakaa kwenye benchi la nje na mama mdogo atakuwa akiingia na kutoka. Lakini benchini nitakuwepo.

Wifi yako anakusalimu sana. Ameniwekea kanga mbili na ndala mpya kwa ajili yako, akaniagiza nisiseme zimetoka kwake. Binti yetu anakusalimu pia. Nilipomweleza kwamba Kwato Moja ni shangazi yake aliuliza kama ni yule aliyenishinda kuhusu kisima. Nikasema ndiye. Akasema anataka kumjua. Msalimie mwanafunzi wa mifuko ya nje, mwambie asikate tamaa. Lenzi yangu ya kwanza niliiweka kinyumenyume, mteja akaenda nayo akasema anaona vizuri.

Usijisumbue kunijibu kwa maandishi. Ila muuguzi akikuuliza tena nani atakuwa nawe, tafadhali, dada, mwambie yupo.

Ni mimi mdogo wako,

Kijiti