Nguo ya Nduku Kwenye Kamba Mbili

Kwa Mwaitu, mama yangu,

Nakusalimia kutoka huku Konza. Mguu unaendeleaje? Kaka Musyoka ameniambia sasa unatembea na fimbo mpaka jikoni, na daktari ameshakupa siku ya upasuaji. Sisi tuko wazima. Mutheu ameanza shule, na mdogo wake Nduku, mwenye jina lako, anaota meno na hanipi usingizi.

Mwaitu, uliomba nimlete Nduku umshike kabla hawajakupasua. Nimekaa na hilo neno wiki mbili. Siwezi kuja. Nataka ulisikie kwangu.

Unajua mwenye shamba alipokufa aliacha neno kwamba familia za wachungaji wake zikae hapa, na wadhamini watulinde. Wadhamini haohao sasa wanataka kuuza, wanasema sisi ni wapangaji tu. Tulienda kortini, na jaji akaamuru kila kitu kikae vile kiko hadi kesi isikizwe. Sisi tusijenge, wao wasibomoe. Siku hiyo tuliimba. Hatukujua tumejifungia. Paa linavuja juu ya kitanda na siruhusiwi kubadilisha hata bati moja. Tena karani wao hupita akipiga picha, na nyumba akiipata imefungwa anaandika imehamwa. Mjane mmoja hapa alienda Matuu kumzika kakake, siku nne tu. Alirudi akapata kufuli si yake.

Ndio sisi wanawake tukafanya ujanja. Mtu akisafiri, jirani anamwashia moto na kuanika nguo kwa kamba yake. Mama Kioko wa hapa karibu alipolazwa Machakos, nilimwanikia ile nguo ya manjano uliyomshonea Nduku. Karani akapiga picha, akaenda. Nguo ilikuwa bado mbichi, nami nilikuwa nimechoka, sikufikiri. Nikaihamishia kwangu kwenye jua. Kumbe alikuwa anazunguka tu. Alipofika kwangu aliangalia simu, akaangalia kamba, akacheka.

"Mama, huyu mtoto wako anaishi nyumba ngapi?"

Akapiga picha ya pili, akaenda. Picha zote mbili ziko kortini. Mama Kioko hunitania kwamba Nduku ndiye mpangaji mkubwa hapa, ana nyumba mbili. Wakili wetu hakucheka.

"Kuanzia leo kila mtu alale kwake," aliniambia. "Wewe ukitoka hata wiki moja, watasema hata wewe mwenyewe ulikuwa wa kuanikwa."

Baba Mutheu analala kazini Athi River, anapata Jumapili tu. Nimebaki mimi. Kutoka mlangoni naiona barabara ya Mombasa, mabasi ya kuja huko kwenu yanapita mchana kutwa, na mimi nimesimama na mtoto mgongoni.

Tafadhali usimtume Musyoka kunichukua. Nitamrudisha. Nikiondoka, hawa watoto hawatakuwa na mahali pa kuita kwao.

Msalimie yeye na mkewe, na shangazi atakayekaa nawe hospitalini. Mwambie nywele zako azisuke kabla ya siku ile, unajua hutaweza kulala zikiwa wazi.

Ndani ya mfuko huu kuna ile nguo ya manjano. Nduku aliivaa jana na sijaifua, ina harufu yake. Ukishapona uifue mwenyewe, uianike pale mbele ya nyumba. Mtu akiuliza ni ya nani, mwambie mjukuu wako anaishi hapo pia.

Ni mimi binti yako,
Ndanu